Vidole Vinne vya Akiba

Simu ya binti wa dada yangu iliingia nikiwa dukani kwangu napanga madaftari. Binti ni muuguzi, amezoea kuwapa watu habari nzito, na ana namna yake: hasemi neno mpaka umekaa.

"Mama mdogo, umekaa?"

Nikamwambia nimekaa, nami nilikuwa nimesimama juu ya stuli, nimekumbatia boksi la kalamu.

"Mama mdogo, kaa kweli."

Hapo nikajua. Nilishuka, nikaliweka boksi chini, nikalikalia. Nilizisikia kalamu zikivunjika na sikuinuka.

"Mama amepumzika," akasema. "Alikuwa kwenye cherehani yake. Kinyozi alidhani amesinzia."

Kinyozi na dada yangu walikuwa majirani wa ukuta mmoja. Mwaka hadi mwaka alinyoa vichwa huku akisikia cherehani upande wa pili, akaizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Asubuhi ile ilinyamaza, naye akangoja ianze tena. Haikuanza. Akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, akachungulia, akasema, "Jirani, umelala kazini, nikuitie mwajiri wako?" Dada alikuwa ameegemea ukuta, miwani imeshuka puani, sketi ya shule mapajani na sindano bado ndani ya kitambaa. Kinyozi alirudi dukani kwake, akamwambia mteja aliyenyolewa nusu kichwa aje siku nyingine.

Bwana alimchukua bila kumsumbua. Namshukuru kwa hilo, ingawa kuna siku nashukuru huku nimeuma meno.

Wasichana wa shule iliyo ng'ambo ya barabara walimwita Mama Akiba, na hata watu wazima walioacha shule zamani bado wanamwita hivyo. Jina lilitokana na sketi. Fundi mwingine akishona sketi ya shule, anaacha kitambaa kidogo tu ndani ya mshono, kinachozidi anakikata na kukitupa. Dada hakukata. Aliacha upana wa vidole vinne kila ubavu, akaukunja ndani, akaushikiza kwa uzi mlegevu. Marinda yalikaa vizuri, na kwa nje hungeona kitu. Siku sketi ikibana, unafumua ule uzi, unapata nafasi. Hiyo ndiyo akiba.

Alikuwa na sababu yake. Yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, alibeba mimba. Baba wa mtoto alikuwa mwanafunzi wa kidato cha juu yake. Wazazi wake walimhamishia shule nyingine, akaendelea na masomo, na sina la kuongeza juu yake. Dada hakumwambia mtu. Sketi yake ilikuwa imeshonwa kwa kubana kitambaa, zipu ikakataa kupanda, akawa anaifunga kwa pini na kuvuta sweta juu yake hata siku za jua kali. Asubuhi moja wakiwa mstarini, pini ilifunguka. Mwalimu wa zamu aliona kabla ya mama yetu kuona. Kabla ya saa nne dada alikuwa amefika nyumbani na begi lake, na hakurudi tena.

Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu kwamba nyumbani watu waliacha kuzungumza wakati wa kula. Baba aliongea na dada kupitia kwangu: "Mwambie dada yako apitishe chumvi." Na dada amekaa hapo hapo. Ilikuwa hivyo mpaka mtoto alipozaliwa. Uzazi ule ulikuwa mgumu sana, mwili wake ulikuwa bado wa kitoto, na kwa muda walidhani watawakosa wote wawili. Baba alipoletewa yule mtoto amshike, alimtazama, akasema, "Huyu ana pua yangu." Kisha akamgeukia dada mwenyewe, akamwuliza kama amekula.

Shangazi yetu alikuwa fundi. Akamchukua dada akamfundisha, mtoto akilala ndani ya kapu la vipande vya nguo chini ya meza. Ndiyo maana binti yake hata leo hawezi kupata usingizi penye ukimya. Na kwa cherehani ile ile mimi nilisomeshwa mpaka kidato cha nne, na binti akasomeshwa uuguzi. Dada hakuwahi kunikumbusha hilo. Alinikumbusha mengine. Nimevuka hamsini, nina wajukuu, na bado alikuwa akiniambia mbele ya wateja, "We mtoto, hebu simama wima, unatembea kama unatafuta shilingi."

Basi akiba ile wasichana wengi waliihitaji kwa sababu ya kukua tu. Lakini wapo waliokuja kwa sababu nyingine, na dada aliwajua. Mtu wa namna hiyo alikuja jioni, peke yake, akasubiri wenzake watoke. Dada alimwingiza nyuma ya pazia, akamzungushia tepu kiunoni, akauliza swali moja, kwa sauti ile ile ya kuuliza rangi ya uzi:

"Nikupanulie kwa ajili ya mwaka, au kwa ajili ya miezi?"

Aliyejibu "mwaka" aliondoka na sketi yake. Aliyenyamaza alipewa kiti na maji ya kunywa. Dada hakuhubiri. Alifunga duka, akampeleka kwa binti yake kituo cha afya, na baadaye, msichana akikubali, akaenda naye kwa mama yake, wakaketi watatu. Miaka ya mwanzo haukupita muhula bila pazia lile kuwa na kazi hiyo. Baadaye muhula mzima ukapita. Halafu mwaka. Dada aliliona jambo hilo kabla ya watu wa takwimu kulisema redioni, lakini aliniambia mimi tu, tena kama mtu anayeogopa kuliamsha.

Hapa lazima nimtaje Mama Mwenyekiti. Ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, ana sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mto, na ana moyo. Amenipa ruhusa niandike hili. Miaka michache nyuma alijenga hoja kwamba akiba za dada zinawapa wasichana ujasiri mbaya. "Fundi, unaishonea dhambi nafasi," alimwambia waziwazi. Alilifikisha jambo kwenye kamati ya shule, na kamati ikapitisha kwamba sketi zishonwe kwa mshono wa kawaida. Dada alisema sawa, akachukua mkasi.

Haukupita muda, wazazi wakaanza kuja mmoja mmoja. Kitambaa kimepanda bei, mtoto anarefuka kama anavutwa, sketi haimalizi mwaka. "Mama Akiba, nisaidie hapo ndani kidogo, usimwambie mtu." Wa kwanza kabisa kuja, akiwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi kana kwamba sauti yake haitamtambulisha, alikuwa Mama Mwenyekiti, na sketi ya mjukuu wake. Dada alimshonea vidole vinne, akamkabidhi kwenye mfuko, wala hakutabasamu. Alikuja kutabasamu nyumbani, mpaka akashika mbavu.

Sasa nifike kwenye siku ya mabishano juu ya sababu ya mimba hizo kupungua.

Ilikuwa alasiri ya mvua nyepesi. Mchungaji alikuja kuchukua majoho ya kwaya, akakuta bado yanapigwa pasi, akakaa. Mama Mwenyekiti alikuwepo tayari kwenye benchi la wateja. Mimi nilikuwa nashikiza vifungo. Kinyozi hakuwa na mteja, alisimama mlangoni bega ndani bega nje. Na binti wa dada alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake nyeupe, anakunywa chai ya mama yake.

"Bwana amejibu," Mchungaji alisema. "Mkuu wa shule ameniambia mwaka huu hakuna msichana hata mmoja aliyeacha masomo kwa ajili ya mimba. Hata mmoja. Tumefunga, tumeomba, ushirika wa vijana umekua. Nataka tufanye ibada ya shukrani."

"Amina," alisema Mama Mwenyekiti. "Na tusisahau zile sketi. Msichana akijua sketi haipanuki, anajichunga. Tangu tuzuie akiba, mmeona wenyewe."

Dada aliinamisha kichwa kwenye pasi. Mimi nilijichoma sindano.

"Kwa hiyo, mama," kinyozi akasema, "tukibana na suruali za wavulana, si ndiyo tutamaliza kabisa?"

"Wewe nyoa vichwa."

"Si ndiyo navinyoa, na vyenyewe vinaniambia. Sababu ni simu. Kijana wangu zamani nilikuwa namsaka mitaani. Sasa anajifungia chumbani na simu mpaka nabisha hodi nihakikishe yuko hai. Yule atampa nani mimba? Chaja?"

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Binti wa dada naye alicheka, kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi nitawaambia ninachokiona kazini," alisema. "Tangu tuwe na chumba cha vijana, chenye mlango wake wa pembeni, wasichana wanakuja. Wanauliza mambo ambayo hawawezi kuwauliza ninyi. Wanajibiwa, na anayetaka kinga anapewa. Hilo lina mchango wake, Mchungaji."

"Hapo, binti yangu, tunatofautiana. Unampa mtoto mwavuli badala ya kumwambia asitoke kwenye mvua."

"Na mvua ikimkuta ndani ya nyumba, Mchungaji?"

Pasi ilitoa mvuke. Mchungaji si mtu mbaya. Niliona swali limemwingia, naye hakulikimbia. Alisema polepole, "Hilo nalo tuliombee. Na tulifanyie kazi."

Kinyozi, ambaye hawezi kukaa na ukimya, akasema, "Lakini hata walio kwenye ndoa wamepunguza. Mama yangu alizaa tisa. Mimi nina wawili na mke wangu ameshatangaza duka limefungwa. Hiyo si simu wala sketi, ni ada na kodi. Hata Mchungaji ana watatu tu, na baba yake alikuwa na kwaya nzima."

"Nilichangia nilivyoweza," Mchungaji alisema. "Haya, fundi. Wewe ndiye unayewajua hawa wasichana. Sababu ni ipi?"

Wote wakamgeukia dada. Alikunja joho, akalinyoosha kwa kiganja.

"Mimi napima viuno," alisema. "Mambo ya kichwani muulizeni kinyozi."

"Usitukwepe, Mama Akiba."

"Sikwepi. Siijui, Mchungaji. Wale walioacha kuja, sikuwauliza kwa nini hamji. Labda ni sababu yenu, labda ni ya huyu binti yangu. Labda kila mmoja alikuwa na lake."

Mabishano yangeishia hapo, kila mtu na sababu yake. Lakini Mchungaji alisema tena, na alisema kwa upendo, "Basi nina ombi. Siku ya shukrani, utoe ushuhuda. Wasichana wote watakuwepo. Uwaambie ulivyoanguka ukiwa umri wao, na jambo lile lilivyokugharimu. Likitoka kwako litawaingia kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima."

Nilimtazama binti wa dada. Alikuwa amechukua kikombe chake kitupu, anakitazama ndani. Kisha akainuka, akakisuuza, akasema ana nguo za kufua, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Jioni nilibaki kula nao, kama kawaida yangu. Dada alikaa vyumba viwili nyuma ya duka, na binti alikuwa bado anaishi naye, kwa sababu moyo wa mama yake ulishaanza kuchoka na presha ilihitaji mtu wa kuiangalia. Alimfunga mama yake kile kitambaa cha kupimia mkononi, akapampu, akasikiliza.

"Imepanda," alisema.

"Ni mabishano yenu."

"Mama, ule ushuhuda. Utoe tu. Usinifikirie mimi."

"Nani kasema nakufikiria?"

"Nakujua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kila wiki nasimama mbele ya wasichana nawaambia mimba ya umri huu ni hatari, inaharibu masomo, inaharibu mwili, subirini. Ni kweli, na nitaendelea kusema." Alikuwa anakunja ile mipira ya kipimo, akaikunja vibaya, akaanza upya. "Ila kila nikisema, najisema. Mimi ndiye ile hasara. Nimezoea kulisema mwenyewe. Kulisikia kutoka kwako kwenye kipaza sauti, sijui. Ndiyo maana nasema usinifikirie."

Dada, aliyekuwa mwepesi wa kujibu watu, alimuuliza kama amekula. Binti alipoingia chumbani, dada aliniambia kwa sauti ya chini, "Umesikia? Miaka yote hii alikuwa anaibeba hiyo, nami namuuliza kama amekula."

Tuliomba pamoja usiku ule na siku zilizofuata. Najua alichokuwa akikiogopa, maana alikisema katika maombi mbele yangu. Akisimama na kueleza hasara tupu, mwanawe ataketi pale kama risiti ya hasara hiyo. Akisema ilikuwa baraka tupu, msichana mmoja wa miaka kumi na tano atatoka pale akidhani ni jambo jepesi, na yeye alijua si jepesi. "Bwana, nipe maneno yasiyomuumiza wangu wala yasiyowadanganya wa watu," aliomba. Nikasema amina, na sikuona maneno ya namna hiyo yangetoka wapi.

Siku ya ibada kanisa lilijaa. Wasichana walikaa mbele, marinda yamenyooka. Mchungaji alishukuru kwa ajili ya maombi. Mama Mwenyekiti alizungumzia nidhamu ya mavazi, na katikati ya maneno yake mjukuu wake aliinama kuokota kitabu cha nyimbo. Upande wa sketi uliachia, na vidole vinne vya kitambaa kipya cha rangi iliyokolea vikatokeza ubavuni, mbele ya akina mama wote. Mama Mwenyekiti aliona, nasi tuliona ameona. Akasema, "Na mimi mtanisamehe," akakaa. Kanisa lilicheka kicheko kizuri, yeye akiwa wa kwanza. Toka siku ile sijamsikia tena akieleza sababu ya jambo lolote kwa uhakika.

Kisha dada aliitwa. Alisimama bila karatasi, ameshika ukingo wa mimbari kwa sababu ya miguu yake iliyokuwa ikivimba. Nitaandika alivyosema kadiri ninavyokumbuka.

"Mnanijua. Wengi wenu nimewapima. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Nilikaribia kufa kwenye uzazi, na maumivu mengine ya uzazi ule ninayo mpaka leo. Nilipenda hesabu, na sikuzisoma tena. Mabinti, msiifuate njia ile. Anayewaambia ni rahisi hajaipita. Mkiwa na shida, semeni mapema, kwa Mchungaji, kwa muuguzi, kwangu mimi, mlango upo.

"Leo tunashukuru kwamba watoto wa kuzaliwa hivyo wamepungua. Nami nashukuru. Lakini tushukuru kwa sauti ya chini kidogo, maana mmoja wao yuko humu ndani, amekaa safu ya tatu, na ndiye anayenipa dawa kila asubuhi. Nilikosea wakati. Mtoto sikumkosea. Ningerudishwa nyuma, ningemwomba Mungu anipe huyu huyu, ila anicheleweshee kidogo. Ni hayo tu."

Alishuka. Hakuna aliyepiga makofi, na hapakuwa mahali pake. Mchungaji aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, akiwaombea watoto wote, wa wakati wao na wasio wa wakati wao.

Binti alikuwa ametoka nje. Dada alimfuata, nami nikamfuata dada kwa sababu ya ile miguu. Tulimkuta kwenye bomba nyuma ya kanisa, ananawa uso, sare yake imelowa kifuani.

"Nilikuwa safu ya pili," alisema bila kugeuka.

"Macho yangu hayaoni, unajua."

"Nimekuambia ukapime miwani mara ngapi?"

"Basi tutakwenda."

Binti alifunga bomba. Alimshika mama yake mkono, akatazama saa yake na vidole viko kwenye mshipa, namna wauguzi wanavyofanya. Aliushika muda mrefu kuliko kazi ile inavyohitaji. Walirudi nyumbani polepole wameshikana hivyo, na mimi nyuma yao na pochi mbili.

Walikwenda wakapima miwani. Ndiyo iliyokuwa imeshuka puani asubuhi aliyoondoka.

Wiki zake za mwisho zilikuwa njema. Alivimba, alichoka, lakini alishona. Mchungaji alianza kupita kituo cha afya siku za chumba cha vijana, anakaa nje kwenye benchi, na msichana anayetoka akitaka maombi anayapata. Yeye na binti wa dada hawakukubaliana, na mpaka sasa hawajakubaliana. Kinyozi anasema ameona mchungaji akifundishwa kutumia simu na vijana pale pale kwenye benchi, na kwamba hiyo inathibitisha hoja yake. Dada aliyasikia haya yote kupitia ukutani, akayacheka.

Alipofariki, binti na mimi ndio tuliomwosha. Nilidhani atashindwa. Alifanya kazi yake vizuri, akimweleza mama yake kila hatua kama anavyowaeleza wagonjwa: sasa nainua mkono, sasa nageuza. Kisha tukatoa gauni lake la kanisani, la rangi ya zambarau, alilolishona mwenyewe zamani akiwa mwembamba. Tulimvisha, na zipu haikupanda. Mwili ulikuwa umejaa maji ya ule ugonjwa wa moyo. Binti alijaribu, nikajaribu. Tukatazamana. Alitaja pini, kisha akashika mdomo wake, maana sote wawili tulikumbuka pini.

"Geuza ndani," nilimwambia.

Alipogeuza ubavu wa gauni, kitambaa kilikuwepo. Vidole vinne huku, vidole vinne kule, vimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mlegevu, rangi yake haijaguswa na jua. Alikuwa amejishonea na yeye mwenyewe. Binti aliketi sakafuni na kulia kwa mara ya kwanza tangu anipigie simu. Nilimwacha alie. Kisha akafuta uso, akachukua kile kimkasi kidogo cha mama yake, akafumua uzi mmoja baada ya mwingine bila kuchana kitambaa. Mimi nilishona upya kwa mkono. Gauni lilifunga.

"Mama mdogo, mshono wako umepinda," alisema.

"Najua."

"Angeuona angeufumua."

"Angenifumua na mimi."

Tulimzika siku iliyofuata, kabla ya saa sita. Jua halikuwa kali. Wasichana wa shule walipewa ruhusa, wakasimama kwa mistari upande mmoja wa kaburi, na wanawake waliokuwa wasichana zamani walisimama upande mwingine, baadhi na watoto wao. Kinyozi alifunga duka, akavaa suti aliyoazima, akawa mmoja wa waliobeba jeneza. Mama Mwenyekiti aliongoza wimbo, akaanza juu mno, akaurudisha chini. Mchungaji alisoma neno na kumkabidhi kwa Mungu kwa jina lake la ubatizo, ambalo wengi pale walilisikia kwa mara ya kwanza. Jeneza lilishushwa kwa kamba. Binti yake alitupa udongo, nikatupa mimi, wakafuata wengine. Wanaume walishika majembe wakafukia mpaka juu. Tuliweka maua, tukaomba, watu wakaanza kuondoka. Binti alibaki kidogo, akasawazisha udongo kwa kiganja. Kisha akanishika mkono, tukaenda nyumbani.